Kwaya Inapoiga Mvua



 Ninyi mliokusanyika kwa mwalimu wenu, watu kumi kwa radio moja. Wewe mama unayesikiliza huku unamenya mihogo. Nawe kijana uliyetoka shambani sasa hivi, jembe lingali begani: karibuni somoni. Leo sitawauliza amri za Mungu wala sakramenti saba. Leo nataka kuzungumza juu ya wanakwaya, na juu ya kazi moja wanayoipenda sana siku hizi, yaani kuiga kwa kinywa na kwa mikono sauti za viumbe vya Mungu: mvua na upepo, ndege na vyura, mawimbi na ngurumo. Nasema juu ya kazi hiyo kwa sababu mimi mwenyewe niliifanya vibaya, na kosa langu likamwumiza mtu.

Katika nchi ya Slovenia, huko Ulaya, iko kwaya iitwayo Perpetuum Jazzile. Mwaka 2008 kwaya hiyo ilianza wimbo wake mmoja pasipo kuimba neno. Waimbaji walisugua viganja, wakaalisha vidole, wakapiga mapaja, kisha wakaruka wote pamoja juu ya mbao za jukwaa. Na watu walioketi mbele yao wakasikia mvua inakuja, inanyesha, inapiga radi, inapita. Picha za jambo hilo zimeenea katika simu, na humo ndimo vijana wa kwaya yetu walimoziona. Mwaka 2024, tulipojitayarisha kwa sikukuu ya mavuno katika kigango chetu kando ya ziwa Kivu, walinijia jioni wakasema: «Mwalimu, na sisi tuimbe mvua. Bila mvua hakuna mavuno.» Niliona neno lao ni jema, nikakubali.

Kesho yake mzee mmoja wa baraza la kigango aliniita kando. Akasema: «Mwalimu, baba yangu alikuwa akimpelekea mganga mbuzi ili alete mvua. Siku nilipobatizwa niliyaacha hayo. Leo mnataka kuiita mvua ndani ya nyumba ya Mungu?»

Msimcheke mzee huyo. Swali lake ni la mkristu kweli, nalo lastahili jibu. Mganga wa mvua hudai kwamba mvua inamtii yeye. Mwanakwaya hadai kitu. Anasimama mbele ya Mungu na kusema: mvua ni yako, tazama, tumeisikia. Fungueni Zaburi ya 148 mtakuta hapo theluji, mvua ya mawe na upepo wa dhoruba vinaalikwa kumsifu Bwana. Fungueni kitabu cha Danieli, sura ya tatu, mtawakuta vijana watatu katika tanuru, nao katikati ya moto wanaualika umande na baridi kumsifu. Sasa nawauliza: umande una kinywa gani? Umepewa kinywa cha mwanadamu. Basi kama mwanadamu anaweza kuusemea umande kwa maneno, nani atamkataza kuusemea pia kwa pumzi yake na vidole vyake?

Wala Kanisa halikukataza. Huko Kamina, katika Katanga, mwaka 1958, Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, pamoja na watoto na walimu wa shule waliimba Misa ya Kilatini kwa namna za nyimbo za nchi yetu. Ndiyo Misa ijulikanayo kwa jina la Missa Luba. Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya liturjia, ukafundisha kwamba muziki wa asili wa watu wa nchi za misioni upewe heshima na nafasi iliyo yake. Na mwaka 1988 Roma ilikubali taratibu ya Misa kwa ajili ya majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati huo. Lakini nafasi si kila mahali. Mvua yetu hatukuiweka katika sala kuu ya Ekaristi. Tuliiweka wakati wa kuleta matoleo, pale watu wanapopanda na vikapu vya maharagwe na mikungu ya ndizi. Mzee alipoelewa hayo aliridhika, akaomba jambo moja tu, kwamba tusiimbe radi kupita kiasi, kwa maana moyo wake si wa kijana. Laiti ningalimsikiliza zaidi.

Wazungu nao wameifanya kazi hii tangu zamani. Padri mmoja Mfaransa, Clément Janequin, alitunga wimbo wa ndege kwa sauti nne, nao ulipigwa chapa huko Paris mwaka 1528. Waimbaji wake huacha maneno, wakatamka silabi za ndege, huyu hivi, yule vile, hata ukadhani umeingia kichakani alfajiri. Joseph Haydn, mkatoliki wa Austria, aliyezoea kuandika mwishoni mwa kazi zake kwamba sifa ni kwa Mungu, alitunga wimbo mkubwa wa Uumbaji, ulioimbwa kwanza huko Vienna mwaka 1798. Mwanzoni vyombo vinatangatanga kama watu waliopotea gizani. Kwaya inaingia polepole, karibu kwa kunong'ona. Na linapotajwa neno la nuru, waimbaji na vyombo vyote wanalipuka kwa nguvu. Padri wetu alitusikilizisha kwa mashine, na mtoto mmoja akafumba macho kwa mkono kana kwamba jua limemwangaza. Nuru haina sauti, sivyo? Lakini yule mtoto aliiona kwa sikio. Halafu mwaka 1801 Haydn akatunga wimbo wa Majira ya mwaka, akaiga ndani yake hata vyura. Na baadaye yeye mwenyewe akanung'unika kwamba vyura wale alishurutishwa kuwatia, wala hawakumpendeza. Kwa nini nuru ilimpendeza na vyura havikumpendeza? Nadhani ni kwa kuwa kumwiga chura ni kazi ya koo tu, lakini kumfanya mtu aone nuru ni lazima uujue moyo wake.

Lakini sina haja ya kwenda Vienna. Walimu wakubwa wa kazi hii wako hapa kwetu Kongo, katika msitu wa Ituri: ndugu zetu Wambuti. Mwingereza mmoja, Colin Turnbull, alikaa nao karibu na Epulu katika miaka ya 1950, akaandika kitabu mwaka 1961. Padri wetu alinisimulia yaliyomo. Wambuti wana nyimbo ambazo hakuna mtu anayeimba wimbo mzima. Wanaketi kuzunguka moto, huyu anatoa sauti yake moja na kunyamaza, jirani anatoa yake, na wimbo unauzunguka moto kama kibuyu cha maji kinavyozunguka kutoka mkono hata mkono. Tena, msiba mkubwa unapowapata, hasa kifo, wanaume huimba usiku baada ya usiku, na baragumu iliyofichwa msituni huwajibu, mara kama chui, mara kama tembo. Huuita molimo. Wanasema kwamba msitu ni mwema; mabaya yakitokea ni kwa kuwa umelala, basi wauamshe kwa wimbo. Turnbull alitazamia kuona baragumu ya kale, yenye nakshi. Akaletewa bomba la chuma. Akashangaa. Wao wakamwonyesha kwamba haidhuru, bora sauti iwe njema.

Sisi wakristu hatuuabudu msitu. Lakini angalieni jambo hili, ambalo mimi nililisikia kwa masikio na nisilielewe: wale wanaigeuza sauti ya msitu kuwa wimbo kwa ajili ya watu waliofiwa. Wanajua nani amefiwa.

Sasa niwaeleze jinsi tulivyoifanya mvua, maana najua wanakwaya wananisikiliza na penseli mkononi.

Kwanza tulikwenda kusikiliza. Sikuwaruhusu kuiga kitu kabla ya kukisikiliza. Jioni tatu tulikaa kibarazani mwa kapela. Mvua ya kwetu hutoka ziwani. Utaisikia kabla haijakufikia, kwanza kama watu wengi wanaotembea mbali katika majani makavu. Ikifika, hupiga migomba kwanza, na jani la mgomba lina sauti nzito, ya ngozi. Juu ya nyasi za paa haisikiki karibu kabisa. Juu ya mabati ni ghasia. Kijana mmoja aliuliza: «Mwalimu, tuimbe mvua ya wapi?» Nilifurahi sana kwa swali hilo. Tukachagua ya migomba.

Upepo tuliufanya kwa midomo ya mviringo, pasipo sauti ya koo, pumzi tu, midomo ikifunguka na kufungika polepole. Majani tuliyafanya kwa kunong'ona: kila mmoja alipewa maneno yenye herufi za s na sh, akayanong'ona kwa mwendo wake mwenyewe. Neno «rasharasha» linafaa sana, kana kwamba wazee waliotuachia lugha hii waliliokota chini ya mvua. Matone ya kwanza ni kualisha vidole. Hapo wengi hukosea. Watu arobaini wakialisha vidole pamoja, hiyo si mvua, ni askari wanaopewa amri. Matone hayana kapteni. Kwa hiyo tulimpa kila mtu hesabu yake ya siri: huyu hualisha akifika tatu, yule akifika tano, mwingine saba, naye asimwangalie jirani. Kisha vidole viwili juu ya kiganja. Kisha viganja juu ya mapaja, nayo ndiyo mvua kubwa. Radi ilitushinda siku nyingi, kwa kuwa sakafu ya udongo haingurumi. Mwishowe vijana wa sauti ya nne walivuma midomo imefungwa, na wawili wakapiga ngumi juu ya benchi refu lililo tupu. Benchi hilo lina ufa, na ule ufa ulituletea ngurumo nzuri kuliko ngoma.

Vyura ni kazi nyepesi, wapeni watoto. Ila ajulikane yupi anaanza, kwa maana hata bwawani yuko mmoja anayeanza. Ndege wawe wachache. Ndege mmoja anatosha.

Basi siku ya sikukuu ikafika, kapela ikajaa hata nje. Tulianza. Mvua yetu ilikuwa nzuri mno. Mtoto mmoja alitazama paa. Mtu mmoja aliyekuwa ameanika maharagwe nyumbani kwake aliinuka mlangoni akatazama mbingu, na mbingu ilikuwa bluu. Watu wakacheka kwa furaha. Moyo wangu ukajaa majivuno, nakiri mbele yenu. Nikawaashiria vijana wa benchi: zidisheni. Wakazidisha. Ndipo mama mmoja katika safu ya katikati akasimama, akamshika mtoto wake mkono, akawasukuma watu kushoto na kuume, akakimbia nje. Nilidhani mtoto amepatwa na homa. Tukaendelea hata mwisho.

Jioni ndipo nilipokumbuka huyo ni nani.

Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Kalehe. Mito ikafurika, mawe na matope yakashuka juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, kando ya ziwa hilihili. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Mama huyu alitoka huko. Alipoteza mume na watoto wawili, akaja kwa dada yake katika kijiji chetu na mtoto mmoja aliyebaki. Sikuwa mtu wa kusema kwamba sikujua. Nilimwandika katika daftari la kigango kwa mkono wangu mwenyewe, nikaandika na sababu ya kuja kwake.

Kesho yake nilikwenda kwake pamoja na mama mkubwa wa sauti ya kwanza. Tulimkuta anapepeta maharagwe. Tukaketi. Nikamwomba radhi. Akanyamaza kwa kitambo, kisha akasema: «Mwalimu, mimi sikukasirika. Masikio yangu ndiyo yaliyokimbia, miguu ikayafuata.»

Nikamwambia tutaiondoa ile mvua. Akatikisa kichwa.

«Mkiondoa mvua, mtashukuru kwa mavuno gani? Lakini mvua yenu si ya kweli. Haina kimya.»

Tukamwuliza kimya gani. Hapo akaliweka ungo chini, akatusimulia, wala hakulia. Alisema kwamba kabla ya maji kushuka, ndege waliacha kulia, na yeye hakutambua jambo hilo ila baadaye. Kwamba sauti ya mto ule haikuwa ya maji. Ilikuwa ya mawe, kama lori linalomwaga mawe lisimalize. Kwamba baada ya hapo palikuwa na kimya, watu hawakuitana hata kwa majina, kana kwamba kila mmoja aliogopa kuita na asijibiwe. «Asubuhi,» akasema, «ndege akalia juu ya mti uliobaki. Alilia kama siku zote, kama asiyejua kitu. Nilimchukia ndege yule, Mwalimu. Siku ya pili nikamchukia. Siku ya tatu nikaamka mapema nikamngojea.»

Njiani kurudi, mama mkubwa hakusema neno, na mimi nilimfikiri nabii Eliya. Mnaijua habari yake katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Upepo mkubwa ulipita mlimani, Bwana hakuwamo. Tetemeko likapita, hakuwamo. Moto ukapita, hakuwamo. Halafu ikaja sauti ndogo, tulivu, na Eliya akaufunika uso wake. Sura hiyo nimeifundisha mara nyingi, na kila mara nimewaeleza wanafunzi upepo, tetemeko na moto kwa mikono na kwa sauti kubwa, kisha nikaipita ile sauti ndogo kwa neno moja kwa kuwa kengele ilikuwa karibu kulia.

Tulianza kazi upya. Benchi tuliliacha. Vijana wa sauti ya nne waliudhika kidogo, kwani radi ndiyo iliyokuwa fahari yao; wakapewa kuvuma tu, mbali, nyuma ya milima. Kabla ya tone la kwanza tukaweka ndege watatu, halafu wananyamaza mmoja mmoja. Mvua ikaja, ya wastani, ikapita. Na baada yake tukaweka kimya: hesabu ya kumi, hakuna pumzi, hakuna mguu. Baada ya kumi, msichana mmoja anapiga mluzi wa ndege, mara moja. Tunangoja. Mara ya pili. Ndipo sauti ya kwanza inaingia na shukrani, kisha nyingine zote.

Naweza kuwaambia kwamba kualisha vidole tulijifunza kwa siku mbili, lakini kile kimya kilitugharimu majuma matatu. Kwaya haijui kunyamaza. Huyu atakohoa, yule atasogeza kiti, mwingine atacheka kwa sababu jirani yake anahesabu kwa midomo. Wakifika saba wanaona aibu, kana kwamba wamesahau wimbo, nao wanaingia kabla ya wakati.

Yule mama tulimwambia siku za mazoezi, ili akitaka ajue saa ya kuwa mbali. Juma la kwanza hakuonekana. Juma la pili alikaa nje chini ya mparachichi na kazi yake ya kusuka mkeka. Juma la tatu kwaya ilikosea tena, ikaingia kwenye nane, na kutoka nje tukasikia sauti yake ikisema: «Bado.» Neno hilo tu. Wakarudia. Akasema tena: «Bado.» Mara ya nne hakusema kitu, na ndege akalia.

Tuliuimba mwisho wa mwaka huo, siku ya Familia Takatifu. Alikuwa mlangoni, kitambaa kichwani, mtoto mbele yake. Kimya kilipofika nilimtazama, ingawa sikupaswa kugeuka. Alikuwa anahesabu kwa vidole juu ya bega la mtoto.

Sasa wasikilizaji wapenzi, wanakwaya wetu watawaimbia wimbo huo, kama ulivyonaswa siku ile katika kapela. Mtasikia ndege, mtasikia mvua, kisha hamtasikia kitu. Msidhani betri zimekwisha. Msiguse radio. Hesabuni hata kumi.